Habari za Mama Modemu na Kufuli Lililozilinda Pampu

Sogeeni, enyi mnaochota na enyi mliokaa na ndoo tupu. Sogeeni nanyi mlioahidiwa kupigiwa simu baadaye, mkangoja mpaka chai ikapoa kikombeni. Aliyekosa kiti aegemee ukuta, na mwenye kikohozi akimalize sasa, kwa maana habari inayokuja si ya kukatizwa katikati. Haihusu wafalme waliovunja ngome, wala majemadari waliovusha farasi zao mito iliyofurika. Hao wamekwisha kuimbwa vya kutosha. Hii ni habari ya mwanamke mmoja, fundi wa mawasiliano katika Mamlaka ya Maji, mwenye bisibisi kiunoni na miwani puani, na jinsi alivyokichukua kisanduku kisichozidi ukubwa wa kipande cha sabuni, akakichomeka ukutani, nacho kikawaka.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwamo katika vyeti vyake, na vyeti vilikuwamo kabatini. Watu wa ofisini walimwita Mama Modemu. Walianza kumwita hivyo kwa kumcheka, lakini yeye alipolisikia jina hilo alilipenda, akalivaa kama joho, akawa anapokea simu kwa kusema, "Mama Modemu hapa, nani mwenzangu?" Alikuwa mrefu wa kimo, mfupi wa subira, na hakuna kifaa kilichoharibika mbele yake ambacho hakukisomea hotuba kabla ya kukifungua.

Na modemu yenyewe, kwa asiyeijua, ni chombo kinachoziwezesha mashine mbili kuzungumza kwa simu. Hiyo ya Mamlaka ilikaa katika kituo cha pampu, chini kabisa ya kilima, imeungwa na waya wa simu upande huu na mtambo wa kuendesha pampu upande ule. Mhandisi wa zamu hakuwa na haja ya kushuka kilima. Aliketi nyumbani kwake mbele ya kompyuta, akapiga namba ya kituo, modemu ikapokea kwa ukelele wake mwembamba, naye akaziamuru pampu ziwake au zizime. Ulikuwa mpango wa kiungwana, uliosifiwa katika mikutano mingi. Lakini modemu ile ilimpokea kila aliyepiga. Haikuuliza jina wala shida. Na kila ilipopokea, pampu zote zilisimama kwa adabu zisubiri amri ya mpigaji. Na mpigaji akikata bila kuamuru neno, ziliendelea kusimama vivyo hivyo, kama watumishi walioambiwa "ngojeni" na bwana aliyekwenda zake.

Basi ulifika msimu ambao pampu zilianza kusimama ovyo. Zilisimama asubuhi watu wakiwa na sabuni usoni. Zilisimama mchana. Mhandisi wa zamu aliziwasha, akageuka kunywa chai, akageuka tena akakuta zimelala. Mitaa ya juu ikakauka. Katika hospitali ya mji wauguzi walinawa kwa kikombe, na shule ikawarudisha wanafunzi nyumbani kwa sababu ya vyoo. Lilikuwa jambo zito, na watu wazito wakaanza kulizungumzia.

Katika nyumba aliyoishi Mama Modemu, mwenye kauli hakuwa yeye wala mumewe. Alikuwa mama mkwe wake, mwalimu mstaafu, mwenye sauti iliyowahi kunyamazisha madarasa mawili kwa mkupuo mmoja, ukuta ukiwa katikati. Asubuhi ya siku ile kuu alimkuta mkwewe akifunga viatu mlangoni.

"Mkwe wangu," akasema, "huko kwenu kuna watu kweli?"

"Wapo, mama."

"Basi hawana adabu. Jana nimewapigia nieleze habari ya maji. Nikasalimia vizuri, nikataja mtaa. Wakanizomea."

"Wakakuzomea, mama? Ofisini?"

"Wamenizomea kwenye sikio, mpaka nikaitoa simu mbali. Juzi hivyo hivyo. Na leo nitawapigia tena, na nitaendelea kupiga mpaka waniletee mkubwa wao."

Mama Modemu aliinama juu ya kamba za viatu. Alimhurumia yeyote wa ofisini ambaye angeipokea simu hiyo, na zaidi alijihurumia mwenyewe. "Mama," akasema kwa upole, "ukimpata huyo mkubwa, usimwambie kuwa mimi ni mkweo."

"Nimwambie ili nijisifie nini?" akajibu mama mkwe, akaenda zake kutazama kama bomba limetoa hata tone.

Siku hiyo Baraza lilikutana. Akaingia Mkuu wa Mamlaka, bwana wa matangi na mabomba, mtiaji saini asiyesoma, ambaye tumbo lake lilifika mezani kabla yake na kupokelewa kwa heshima zote. Alisimama, akaweka viganja juu ya meza, akawatazama wakuu wa idara mmoja mmoja kama mtu anayetafuta msaliti.

"Ndugu zangu," akanena, "upo mkono. Sisemi ni wa nani. Lakini mkono upo, nao unaingia kwa njia ya simu na kuzilaza pampu zetu. Ni mkono wenye elimu. Huenda umevuka bahari. Nimekwisha kutoa taarifa wizarani kwamba tunashambuliwa, na wizara imetuma pole. Lakini pole haisukumi maji. Leo tunajibu."

Hapo akakifunua kitambaa kilichokuwa mezani, na chini yake kulikuwa na visanduku viwili vyeusi, mapacha, kila kimoja na taa ndogo kipajini.

Mama Modemu, aliyekuwa ameviagiza vitu hivyo na kuvisomea mpaka macho yakauma, alisimama akavieleza. Kimoja kiliitwa kufuli. Hicho kingekaa kituoni, kati ya waya wa simu na modemu. Simu ikiingia, kufuli ndilo lingeipokea kwanza, kimya kimya, likiuliza kwa lugha ya mashine kama mpigaji ana ufunguo. Ufunguo ni kile kisanduku cha pili, ambacho kingekaa kwa mhandisi wa zamu, kimefungwa kwenye kompyuta yake. Mwenye ufunguo angepita mpaka kwa modemu. Asiye nao angesikilizwa kwa muda wa pumzi chache, kisha akatwe, na modemu isijue hata kama alibisha hodi.

"Ufunguo utakaa kwangu," akasema Mkuu. "Ni alama ya mamlaka."

Mhandisi wa zamu, mtu mpole mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, akakohoa. "Hakuna neno, Mkuu. Itakuwa tu kila alfajiri pampu zikitaka kuwashwa, nitakuamsha wewe uziwashe."

Mkuu akakitazama kile kisanduku, akakisukuma polepole kwa kidole mpaka upande wa pili wa meza. "Mamlaka," akasema, "hukasimiwa." Kisha akamgeukia Mama Modemu. "Nenda ukafunge kufuli. Mchana nakuja na wageni wa wizara kuangalia. Nisije nikakuta taa imezimika mbele ya wageni."

Hivyo ndivyo Mama Modemu alivyotoka kwenda vitani. Alipanda lori la maji la Mamlaka, lile jipya, lililopakwa rangi ya samawati, na ubavuni mwake kwa maandishi makubwa mekundu: TUPO KWA AJILI YAKO, LALAMIKA KWA NAMBA HII, na namba yenyewe. Aliketi mbele, kufuli mapajani, mikono miwili juu yake kama mama aliyebeba mtoto kutoka kliniki. Watu wenye ndoo walilitazama lori likipita tupu, nao hawakupunga mkono.

Langoni mwa kituo alisimama mlinzi waliyemwita Jenerali. Hakuwahi kuwa hata koplo, lakini alikuwa na koti lenye vifungo vya shaba na alilinda lango lile kwa namna iliyowafanya hata wahandisi wabishe hodi. Alimwingiza Mama Modemu katika chumba cha mtambo, chumba chembamba chenye harufu ya grisi na vumbi. Upande wa pili wa ukuta pampu zilikuwa zimenyamaza. Zilikuwa zimelala tena.

Ukutani, chini, palikuwa na soketi ya matundu mawili. Tundu la kulia lilishikwa na modemu, na la kushoto na birika la umeme, kuukuu, jeusi kwa chini, mali ya Jenerali. Wala hapakuwa na soketi nyingine katika nchi ile yote.

Mama Modemu akalinyooshea birika kidole. "Hilo litoke."

Jenerali akavua kofia, akaishika kifuani. "Mama," akasema, "mimi sina ugomvi na kisanduku chako, nakiheshimu. Lakini birika hili lilifika hapa kabla ya modemu. Modemu ilipokuja, nikaambiwa nihame tundu la kulia, nikahama. Sikulalamika. Nikakaa hapa la kushoto kwa amani. Leo mmekuja tena. Kesho mtaleta kingine. Mwisho nitachemshia wapi maji yangu, mfukoni?"

"Jenerali, mji una kiu."

"Nami nina kiu. Yangu ni ya chai."

"Hospitalini wananawa kwa kikombe."

"Hata mimi nanawa kwa kikombe, mama. Maji ya birika hili nimeyaleta na dumu kutoka kwetu, kwenye kisima. Hapa ninapolinda maji ya mji mzima, bombani hakuna kitu."

Mama Modemu alipiga hatua moja kulia. Jenerali akapiga moja kushoto, akasimama mbele ya soketi na miguu yake miwili kama nguzo za lango. Walitazamana. Naye fundi, aliyejua kwamba Mkuu na wageni wako njiani, alifanya jambo ambalo wapiganaji wengi wakubwa hawakuwa na moyo wa kulifanya. Alifungua mkoba wake, akatoa chupa yake ya chai ya maziwa, yenye tangawizi, aliyoipika mwenyewe asubuhi kwa maji ya mwisho ya nyumba ile, akaiweka mikononi mwa adui.

"Hii ni ya leo," akasema. "Kesho nakuletea waya wa kuongezea soketi, birika na kufuli vikae pamoja. Ni ahadi."

Jenerali aliifungua chupa, akainusa. Akamimina kidogo kwenye kifuniko, akaonja, akafumba macho. Kisha akainama, akazima swichi ya tundu lake ukutani kama alivyokuwa akifanya siku zote kabla ya kuchomoa birika, akachomoa, akalibeba kwapani, akatoka nje kwa hatua za mtu aliyesalimisha ngome kwa masharti mazuri.

Sasa fundi alibaki peke yake na kufuli. Alipiga magoti juu ya vumbi. Buibui mkubwa, mwenyeji wa pembe ile, alitoka kuona kulikoni, akaondolewa kwa ncha ya bisibisi. Mama Modemu akachomoa waya wa simu kutoka kwenye modemu, akauingiza kwenye kufuli; akachukua waya mfupi mpya, akaliunga kufuli na modemu. Akazikaza skrubu ndogo zilizoshika kisanduku kwenye ubao, akikunja uso kama anayekaza mlango wa jiji. Mwisho akachukua plagi, akaitia katika tundu la kushoto, akabonyeza kitufe cha kufuli, akarudi nyuma kidogo aione taa.

Taa haikuwaka.

Akabonyeza tena. Akachomoa plagi, akaipuliza, akaichomeka. Taa ilibaki kimya kama jicho la samaki sokoni. Hapo fundi akavua miwani, akakihutubia kisanduku.

"Nimekuagiza," akasema, "nimekungoja, nikakuchukua mapajani. Wenzako wanawaka katika mabenki. Wewe umekuja kunifedhehesha mimi, mbele ya wizara, kwa sababu gani?"

Kisanduku hakikutoa sababu. Alikifungua kifuniko, akatazama ndani, akaona kila kitu kimekaa mahali pake. Alipima waya wa umeme kwa kidude chake cha kupimia, kikasema hakuna umeme, akakilaumu kidude. Mbali barabarani alisikia mlio wa magari, akahisi ni msafara wa Mkuu. Aliiona kesho yake yote: Mkuu akiwaambia wageni kwamba tatizo ni fundi, jina lake likigeuka tena kuwa la kuchekwa, na mama mkwe akiuliza mezani kama ni kweli alishindwa kuwasha taa. Akajiachia, akaegemea ukuta kwa kiwiko, ashike kichwa.

Kiwiko kikaangukia swichi ya ukutani. Swichi ikalia *ta*, na katika kipaji cha kufuli ikachomoza nuru ya manjano.

Mama Modemu alitazama taa, akatazama swichi, kisha akatazama mlangoni. Hakuna aliyeona. Katika taarifa aliyoisoma baadaye mbele ya Baraza, kitendo hiki kiliitwa "kurejesha umeme kwa utaratibu", na hakuna aliyeomba ufafanuzi.

Lakini manjano haikuwa kijani, na manjano maana yake kufuli halijaridhika. Alivaa tena miwani, akasoma maandishi madogo yaliyochongwa ubavuni: tundu la huku ni la simu, tundu la huku ni la modemu. Alikuwa amezigeuza nyaya. Simu ilikuwa imeingizwa kwa modemu na modemu kwa simu, sawa na mlinzi aliyesimamishwa langoni akiitazama nyumba badala ya barabara. Akazichomoa, akazibadilisha, akazisukuma mpaka zikalia. Taa ikapepesa, ikafikiri, na kisha, enyi mlioketi na mlioegemea, ikawa kijani.

Muda si muda simu ya kwanza ikaingia. Ilikuwa ya mhandisi wa zamu, kama walivyoagana, na ufunguo wake ulikuwa mahali pake. Kufuli likauliza, ufunguo ukajibu, taa ikacheza kwa furaha, modemu ikapiga ukelele wake, na upande wa pili wa ukuta pampu ya kwanza ikanguruma, ikafuata ya pili, kisha zote, mpaka sakafu ikatetemeka na vumbi likapanda. Mama Modemu alisimama katikati ya vumbi hilo akalia kidogo. Jenerali alichungulia mlangoni, kifuniko cha chupa mkononi, akapiga saluti.

Laiti habari ingeishia hapo. Lakini haukupita muda taa ikageuka nyekundu. Simu imeingia, na aliyepiga hana ufunguo.

"Amekuja," akasema Mama Modemu. Alichomoa mkobani simu yake ya kupimia, ile yenye vibanio viwili, akavibana kwenye nyaya, akaweka mkono wa simu sikioni ausikie mkono ule wenye elimu uliovuka bahari.

"Haloo?" ikasema sauti. "Haloo, Mamlaka ya Maji? Leo hamzomei, mnanyamaza. Afadhali. Mimi ni mwalimu mstaafu, wa mtaa wa juu, na nimekwisha kuwaambia—"

Kufuli likakata. Taa ikarudi kijani. Pampu hazikusita hata kidogo.

Mama Modemu akaukandamiza mkono wa simu sikioni. Taa ikawa nyekundu tena.

"Msinikatie. Nasikia mnavyopumua. Mwambieni mkubwa wenu nimekaa kwenye kiti na sina shughuli nyingine—"

Likakata. Mara nyekundu tena, na safari hii ilikuwa sauti ya mwanamume, imechoka, akiomba samahani kwa usumbufu, akisema kuna mgonjwa ndani na wangeshukuru hata ndoo moja. Naye akakatwa. Kisha akapiga mwingine, na mwingine baada yake. Ndipo fundi alipotembea hadi dirishani, akatazama nje, na pale uani lilikuwa limesimama lori la samawati lenye maandishi mekundu. Aliisoma namba. Akarudi akaisoma namba ya kituo kwenye kibandiko cha modemu. Zilikuwa sawasawa. Namba ya kweli ya malalamiko, ile ya ofisini, iliishia na sita na tisa. Ya kituo iliishia na tisa na sita. Na siku lori lilipopakwa rangi, Mama Modemu alikuwapo: Mkuu mwenyewe ndiye aliyesimama uani akamsomea mchoraji namba ile kwa sauti, kifua mbele.

Akaelewa yote kwa mara moja. Mtu alikosa maji, akapiga kulalamika, pampu zikasimama kumpisha. Zikisimama, wengine wakakosa maji, nao wakapiga. Mji mzima ulikuwa ukijikatia maji kwa kuyaomba.

Msafara ukafika. Mkuu alishuka, wageni wa wizara nyuma yake, na kwa kuwa pampu zilikuwa zikinguruma, aliwaacha wageni wazisikilize, akaingia peke yake chumbani.

"Vipi?" akauliza. "Adui amejaribu?"

"Amejaribu, Mkuu. Nimemtambua."

Macho ya Mkuu yakang'aa. "Wa wapi?"

"Wa mtaa wa juu. Ni wateja, Mkuu. Wanapiga namba iliyo ubavuni mwa lori, na namba ile ni ya hapa. Mama mkwe wangu ni mmoja wao."

Mkuu akaenda dirishani. Alisoma ubavu wa lori, mgongo wake ukiwa umeziba mwanga wote. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ya chini na ya kirafiki, na ndiyo iliyomtisha fundi kuliko ngurumo zake zote.

"Mama Modemu, wewe ni mtu mzima, tuzungumze kama watu wazima. Ikiwa ni wateja, basi wizara imetupa pole kwa sababu ya watu kutupigia simu, na wewe umeagiza kufuli la kuwafungia nje mama zako. Hivyo nitasema. Ikiwa ni adui, basi leo ameshindwa, na aliyemshinda amesimama hapa na vumbi magotini. Wageni wapo nje. Nikawaambie lipi?"

"Na namba, Mkuu? Ya kwenye lori?"

"Namba itapelekwa kwenye kamati."

Taa ilikuwa nyekundu tena wakati huo. Mtu fulani alikuwa akieleza shida yake kwa sanduku. Mama Modemu aliitazama. Alikuwa amewasha pampu, hilo lilikuwa kweli. Watu wangepata maji jioni ile, hilo nalo kweli. Alijipangusa magoti, na kadiri alivyojipangusa ndivyo alivyozidi kuona kwamba adui ni neno lenye kuwafaa watu wengi.

"Adui, Mkuu," akasema.

Wakatoka pamoja. Mkuu akanyanyua mkono wa fundi juu mbele ya wizara, akahutubu kwamba mashambulizi yamezimwa mbele ya macho yao, kwamba adui alirudi tena na tena akajigonga ukutani, na kwamba siku hii itakumbukwa na wajukuu. Wageni wakapewa nafasi ya kuiona taa. Kila ilipokuwa nyekundu walipiga makofi. Picha ikapigwa, Mkuu katikati, kufuli mkononi mwake kwa mfano tu maana la kweli lilikuwa limekazwa ukutani. Alichoshika ni kifuniko cha betri cha ile simu ya kupimia. Ukutani pakapigiliwa kibao cha shaba chenye jina la Mkuu kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi za saizi ya mchele, *na fundi*.

Alipofika nyumbani jioni, Mama Modemu alikuta uani watu wa mtaa mzima na ndoo zao. Bomba lilikuwa wazi, maji yakitoka kwa nguvu, na mama mkwe wake amesimama kando yake, mkono mmoja kiunoni.

"Mwanzo walikuwa wananizomea," alikuwa akiwaeleza majirani. "Leo nikapiga, wakanyamaza. Nikajua wameingiwa na hofu. Nikapiga tena na tena. Hawakuthubutu kunijibu hata neno. Mkaona wenyewe, maji hayo."

"Umewaweza, mwalimu," wakasema majirani. Mwanamke mmoja akamtwisha mwenzake ndoo, akasema bila mwalimu wangekufa na kiu, na wengine wakaitikia.

Mama Modemu alisimama na mkoba wake. Maneno yote yalikuwa mdomoni, yamepangwa: kufuli, ufunguo, sita na tisa. Alimwona mama mkwe wake akichota maji kwa kiganja na kujipaka usoni, taratibu, kama msichana, macho yamefumba. Mchana ule alikwisha kuuza ukweli mahali pengine, na hakuona kwa nini aje kuutoa bure hapa.

"Hongera, mama," akasema.

"Ahsante, mkwe wangu. Na wewe umefanya nini leo huko?"

"Nimechomeka kitu ukutani."

"Kikawaka?"

"Kikawaka."

"Vizuri," akasema mama mkwe, akampa ndoo ashike. "Nawe endelea kujitahidi."

Hayo ndiyo yaliyotokea, na yamehifadhiwa mara mbili: kituoni kwa shaba, na mtaa wa juu kwa vinywa vya watu. Pampu hazijasimama ovyo tena. Lori la samawati linazunguka mjini na namba yake ubavuni, na taa ya kufuli hugeuka nyekundu, kisha kijani, mchana kutwa. Kila mwisho wa mwaka Mkuu husimama mbele ya wizara na kusoma taarifa yake, kifua mbele, kwamba tangu siku ile tukufu Mamlaka ya Maji haijapokea lalamiko hata moja.